Mwaka wa Utando wa Bluu

Mama yake Mwende alifariki Jumanne, nami nikapata habari Alhamisi, kwa ujumbe uliowekwa kwenye kikundi cha simu cha sisi tuliosoma pamoja. Ulikuwa mfupi: mama wa mwenzetu ametutoka, matanga ni nyumbani kwake Mashimoni, anayeweza afike. Niliusoma nikiwa ofisini kwangu chuoni, nikasimama, nikafunga mlango, nikakaa tena. Kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Nasema hivi kwa sababu nimeamua sura hii ya kumbukumbu zangu iwe ya kweli au isiwepo kabisa. Kilichonijia kwanza kilikuwa afueni, kwamba katika watu wawili ambao kwa zaidi ya miaka ishirini niliogopa kuwatazama machoni, sasa amebaki mmoja. Huzuni ilikuja baadaye, nilipoikumbuka mikono ya yule mama ikipembua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kwenye ungo, na jinsi alivyokuwa akisema jina langu, "Nekesa," taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

Nilifika Mashimoni saa nane mchana siku iliyofuata. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya kuta mbili za mabati, viti vya plastiki vimepangwa, na jamaa zake waliotoka Kitui na Machakos walikuwa wakiimba nyimbo za kanisani kwa Kikamba, polepole, bila wa kuwaongoza. Mwende alikuwa amekaa katikati ya shangazi zake wawili. Binti yake, msichana mrefu aliyefanana naye kwa kila kitu, alikuwa akizunguka na chai. Mwende aliponiona alisimama, akanikumbatia muda mrefu. "Umekuja," akasema. "Mama alikuwa anakuuliza sana. Kila mara, yule msichana wa Kawangware wa vioo ako wapi siku hizi." Nilisema pole. Nilikaa karibu na ukuta nikamwangalia. Majirani walikuwa wakiingia na sukari, na kuni, na maji ya mtungi, na kila aliyeingia alimgusa bega. Mimi nina shahada zangu ukutani na jina langu limechapishwa kwenye majarida ya nchi ambazo wale watu hawajawahi kuzisikia. Lakini nikifa leo, sijui ni nani atakayeniletea viti. Nikauhisi ule wivu wa zamani, na nikashangaa kwamba haujazeeka hata kidogo.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kongo, kule Kawangware, Nairobi, chumba kimoja cha mabati chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa, na meza niliyonunua kwa seremala wa jirani ambaye alisahau kusawazisha mguu mmoja. Ukuta kati yangu na jirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua anapika nini kabla hajaonja. Asubuhi nilikuwa natoka mapema nikienda chuoni, ambako mimi na Mwende tulikuwa wanafunzi wawili tu wa shahada ya pili kwenye maabara ya mwalimu wetu, Dakta Oloo. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti na vumbi lililoungua, na sinki moja lililovuja. Mwende alikuwa akitoka Mashimoni, alikokuwa akiishi na mama yake kwenye chumba kilichogawanywa kwa pazia. Tulipokutana mlangoni alikuwa akisema, "Niaje, Neke?" nami nikijibu, "Poa," na kwa miezi miwili ya kwanza ilikuwa poa kweli. Tuligawana chapati. Tuligawana koti la maabara. Nilimpenda.

Kazi yetu, kwa maneno mepesi, ilikuwa kutengeneza vioo vinavyobadilika rangi. Unachukua kioo kilichopakwa kitu kinachopitisha umeme, unakiwekea juu yake utando mwembamba sana, mwembamba kiasi kwamba hata ukucha hauuhisi. Halafu unakitumbukiza kwenye maji yenye chumvi na kukiunganisha na betri. Umeme ukiingia, utando unabadilika rangi mbele ya macho yako. Ukizigeuza nyaya, rangi inarudi kama ilivyokuwa. Dakta Oloo aliota majengo ya jiji ambayo madirisha yake yangejitia kivuli yenyewe jua la Januari likiwaka, bila pazia na bila mashine za kupoza hewa. Siku alipotueleza ndoto hiyo, Mwende alimsikiliza kwa makini sana, kisha akaniinamia na kuninong'oneza, "Na sisi kwetu hakuna hata dirisha." Nikacheka hadi Dakta akanyamaza kutungoja.

Mimi nilipewa oksidi ya tungsteni. Mwende alipewa bluu ya Prashia, rangi ya zamani ya wachoraji, ambamo chembe za chuma zimeshikanishwa na sianidi kwa mpangilio uliopishana kama fito za ukuta wa udongo. Sikujua siku ile kwamba mgawo huo ungekuwa na maana yoyote. Utando wangu ulihitaji siku nzima. Unga wa tungsteni uliyeyushwa kwenye peroksaidi, ukangojwa, ukapakwa, ukaingizwa kwenye tanuri, na tanuri hilo likahitaji umeme usiokatika kwa saa nyingi. Umeme ulikatika. Kila wiki ulikatika, na utando wangu ulipasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Mwende yeye alihitaji kloridi ya chuma, dawa ambayo mafundi wa redio huitumia kuyeyusha shaba, chumvi nyingine nyekundu ya chuma, na umeme kidogo kwa dakika mbili. Dakika mbili tu, na kioo kikatoka na bluu iliyotulia, bluu ya anga baada ya mvua. Alikiunganisha na betri, bluu ikayeyuka, kioo kikawa cheupe kabisa, halafu ikarudi. Akafanya hivyo mara kumi, ishirini, akihesabu kwa Kikamba. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kipande changu kilichobanduka mkononi, nikasema, "Hongera," na sauti yangu ikatoka vizuri. Hilo ndilo lililonitisha baadaye, kwamba ilitoka vizuri sana.

Watu hudhani wivu ni chuki. Kwangu haukuwa hivyo. Ulikuwa zaidi kama njaa ya mtu anayekaa meza moja na mtu anayekula. Nilianza kuangalia mambo madogo ya Mwende: jinsi alivyoshika kioo kwa ncha za vidole vitatu, jinsi alivyonusa chupa kabla ya kusoma karatasi iliyobandikwa juu yake, jinsi alivyofika amechelewa, viatu vimejaa matope ya Mashimoni, akaanza kazi bila hata kufungua daftari. Mimi nilikuwa na madaftari matatu, yamepigwa mistari ya rangi. Nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, na nilikuwa nimejiambia tangu utotoni kwamba dunia hulipa bidii. Halafu siku moja, mwezi wa tano, nilirudi kuchukua mwavuli niliousahau, nikamsikia Dakta Oloo akizungumza na mwalimu mwenzake ndani ya ofisi, mlango ukiwa wazi kidogo. Yule mwenzake aliuliza kuhusu sisi wawili. Dakta akasema, "Nekesa ana bidii, hakuna anayeweza kumnyima hilo. Lakini Mwende anaona." Yule mwingine akauliza, "Anaona nini?" Dakta akajibu, "Anaona tu. Kuna wanaofanya kazi na kuna wanaoona." Niliuacha mwavuli. Nilitembea hadi Kongo, mvua ikaninyeshea njia nzima, nikakaa kitandani na nguo mbichi nikiyarudia yale maneno mawili, anaona tu, anaona tu, hadi jirani alipogonga ukuta kuniuliza kama naumwa.

Lililofanya mambo kuwa magumu ni Jumapili. Kila Jumapili baada ya kanisa Mwende alinikokota hadi kwao, na sikuwahi kukataa, kwa sababu hakuna mahali nilipokula vizuri kama pale. Mama yake alikuwa akiuza mboga karibu na kibanda cha maji, na Jumapili alipumzika kwa kupika. Muthokoi na maharagwe, viazi vimepondwa na majani ya maboga, mara moja moja kuku. Alinipa sahani kubwa kuliko ya Mwende. "Kula," alikuwa akisema. "Wewe unasoma peke yako, hakuna wa kukupikia. Huyu wangu anasoma akicheza." Alisema hivyo kama lawama, na Mwende alicheka, na mimi nilimeza. Hata mama aliiona tofauti yetu. Hata pale, nikiwa nimeshikilia sahani iliyopakuliwa kwa upendo, nilikuwa nikimwonea rafiki yangu wivu kwa sababu ana mtu wa kumlaumu kwa sauti ile.

Ni pale kwao, Jumapili moja ya mwezi wa saba, Mwende aliponiambia wazo lake. Alichukua kipande cha karatasi, akachora vioo viwili vimeelekeana, na maji ya chumvi katikati. "Skiza," akasema. "Yako ukiipa umeme inakuwa bluu. Yangu ukiipa inakuwa nyeupe. Zinafanya kazi kinyume. Sasa tukiziweka zikiangaliana, kila moja ikipewa nyingine inanyang'anywa. Zitakuwa bluu pamoja, zitakuwa nyeupe pamoja. Giza mara mbili, Neke." Mama yake akauliza kwa nini mtu atake giza mara mbili, na Mwende akamweleza kwa Kikamba, mikono ikipaa. Niliitazama ile karatasi. Ilikuwa rahisi, ilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekuwa nikishika tungsteni kila siku kwa miezi saba bila kuona. Baadaye nilikuja kujua kwamba wengine huko nje walikuwa wameshalifikiria jambo hilo kabla yetu, lakini Mwende hakulisoma popote. Alilipata akipembua maharagwe. Nikamwambia, "Hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo." Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake. Aliupokea kwa furaha. "Si nilijua," akasema. "Si nilijua tuko pamoja."

Mwezi wa tisa Dakta Oloo alituita ofisini akatuambia kwamba wageni wawili kutoka chuo kimoja cha ng'ambo wangekuja kutazama kazi zetu, na kwamba walikuwa na nafasi moja ya shahada ya uzamivu. Moja. Alilisema neno hilo akimwangalia Mwende, labda bila kujua. Kila mmoja wetu angeonyesha utando wake ukifanya kazi, kwa dakika kumi, kisha ajibu maswali. Kufikia wakati huo nilikuwa nimefaulu kupata vipande vitatu vya tungsteni visivyobanduka. Vilibadilika rangi polepole, bluu yake ilikuwa imefifia kidogo, lakini vilifanya kazi. Vya Mwende vilikuwa ishirini, na kila kimoja kilikuwa kizuri.

Siku yenyewe nilifika saa moja asubuhi. Fundi wa maabara, mzee mpole aliyependa usafi, alikuwa akipanga meza. Akaniambia kwa fahari kwamba amemsaidia Mwende. Chupa yake ya maji ya chumvi ilikuwa chafu, ina alama za bluu kila mahali, haifai kuonwa na wageni, kwa hiyo akayahamishia maji yote kwenye chupa mpya safi. Nikaiangalia ile chupa. Ilikuwa mojawapo ya zile zilizolowekwa kwenye soda kali wiki nzima ili kutolewa uchafu, na nilijua kwamba hazikuwa zimesuuzwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeziacha pale zikingoja kusuuzwa. Bluu ya Prashia huishi kwenye asidi. Ikikutana na soda, inakufa. Yule mzee akaenda kuleta viti. Mwende hakuwa amefika. Mvua ilikuwa imenyesha Mashimoni, na maji yalikuwa yameingia ndani, kama nilivyokuja kusikia baadaye. Alikuwa akimsaidia mama yake kuinua godoro. Alipoingia ilikuwa imebaki robo saa, sketi imelowa hadi magotini, kipande chake cha kioo kimefungwa kwenye leso kifuani.

"Neke, nimechelewa vibaya," akasema, akivua viatu abadilishe. "Si uniangalizie hiyo maji yangu kama asidi iko sawa? Nipimie tu na karatasi."

Nilichukua karatasi ya kupimia, nikaichovya. Ingepaswa kuwa nyekundu. Ilitoka bluu iliyokolea. Nimeshaelezea majaribio mengi katika maisha yangu, na katika yote sijawahi kuona jibu lililo wazi kuliko lile. Mwende alikuwa amenigeuzia mgongo akifunga kamba za viatu. Nilikuwa na dakika kumi na tano. Kutengeneza maji mengine kungechukua dakika tano. Ningeweza hata kusema tu, subiri, kuna shida hapa. Sikuwa nimepanga chochote. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Niliikunja ile karatasi, nikaitupa kwenye sinki, nikafungua mfereji.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa," nikasema.

Mwende alianza. Alizungumza vizuri, bila karatasi, na wageni walikuwa wakitabasamu. Alitumbukiza kioo chake, akaunganisha nyaya. Bluu ilianza kufifia, kama kawaida, na akasema, "Sasa tutaona ikirudi." Akazigeuza nyaya. Haikurudi. Badala yake kioo kikabaki na doa la manjano, halafu la kahawia, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa, na vipande vidogo vikaanza kuteremka ndani ya maji. Mwende alingoja. Alikagua nyaya, moja baada ya nyingine, kwa utulivu ambao mimi nisingeuweza. Mmoja wa wageni, mama mwenye mvi, alimuuliza kwa upole kama amehakikisha maji yana asidi ya kutosha. Mwende akasema, "Ndiyo, tumepima asubuhi hii." Alisema tumepima. Hakunitaja. Hata hakugeuka kuniangalia, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba kuna sababu ya kuniangalia. Kisha nikasimama mimi na kioo changu cha bluu iliyofifia, na kikafanya kazi.

Fundi alipoondoa vitu mezani alimwaga kila kitu, akasuuza chupa, akazipanga. Wiki tatu baadaye nilipewa ile nafasi. Dakta Oloo alinipongeza kwa kunishika mkono, na akasema neno moja tu juu ya Mwende, "Inasikitisha." Mwende mwenyewe alinikumbatia kwenye korido. "Angalau ni wewe," akasema. "Ingekuwa mtu mwingine ningelia." Nilimtazama nikitafuta dalili yoyote ya kile ambacho mimi ningehisi katika nafasi yake, hata kidogo, hata kwenye kona ya mdomo. Hakukuwa na kitu. Nikamwonea wivu kwa hilo pia.

Jumapili ya mwisho kabla sijasafiri, mama yake alichinja kuku. Aliwaalika majirani wawili na mchungaji. Chumba kilikuwa kimejaa, pazia limefungwa juu, na alama ya maji ya mafuriko ya ile siku bado ilionekana ukutani, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mama alinipakulia firigisi, ambayo kwa desturi yake hupewa mtu maalumu. Wakati wa maombi alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akasema, "Mungu, huyu naye ni mtoto wangu. Mlinde huko anakoenda. Na huyu mwingine mfundishe kuwa makini." Wote wakasema amina. Mwende alisema amina. Mimi nilisema amina. Tulipokuwa tukiosha vyombo nje, Mwende alinipa ile karatasi yenye vioo viwili vinavyoangaliana. "Enda nayo," akasema. "Wewe ndio utakuwa na mashine." Nilikwenda nayo. Miaka minne baadaye nikamaliza uzamivu kwa kazi iliyoanzia kwenye karatasi hiyo, tungsteni upande mmoja na bluu ya Prashia upande wa pili, na kwenye ukurasa wa shukrani nikaweka jina lake kati ya majina kumi na manne.

Niliporudi Nairobi aliniambia kwamba aliacha maabara miezi minne baada ya mimi kuondoka, kabla hajamaliza. Alianza kuchanganya rangi za nyumba kwenye duka la vifaa vya ujenzi Riruta Satellite, na baadaye akafungua lake. Watu hutoka mbali kumletea kipande cha ukuta uliochubuka awatengenezee rangi inayofanana, na hatumii mashine, anaangalia tu. Anaona. Katika miaka yote hiyo tulionana mara chache, kwenye harusi, kwenye mazishi, na kila mara nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa na kitu nisichoweza kukitaja. Ana duka, ana binti, ana kanisa linalomngoja aanzishe nyimbo. Nilikuwa nimechukua kilichokuwa chake na bado ni mimi niliyekuwa nikimwangalia yeye akila.

Wiki mbili baada ya mazishi nilikwenda dukani kwake asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi. Alikuwa akikoroga debe la rangi ya krimu kwa fimbo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia chupa hadi karatasi, sikujitetea. Hakuacha kukoroga hadi nilipomaliza. Kisha akaiweka fimbo juu ya debe, akajifuta mikono polepole.

"Unajua nilifanya nini baada ya siku ile?" akauliza. "Nilitengeneza zingine. Kumi na moja. Nikaweka asidi mimi mwenyewe. Zote zilifanya kazi. Hiyo ndio ilinimaliza, Nekesa. Kama zingekataa, ningesema dawa ni mbaya. Lakini zilikubali. Nikasema basi shida ni mimi, nikiangaliwa na watu mikono yangu inaharibu. Miaka hii yote sijawahi changanya rangi mteja akiwa ananiangalia. Namwambia aende arudi. Wewe ulidhani ni kwa nini?"

Nilitazama ile fimbo juu ya debe.

"Na mama," akasema. "Mama amekufa akiamini sikuwa makini. Alikuwa ananiombea hiyo, kila Jumapili, mpaka hospitali. Ungekuja mwezi uliopita, ningemwambia."

Nilianza kusema samahani, akanyanyua mkono. "Hiyo sitaki saa hii. Jumamosi tunakutana nyumbani, familia, kugawana vitu vya mama. Utakuja. Utawaambia wao, vile umeniambia mimi. Si mimi nitawaambia. Ni wewe."

Nilikwenda. Ilikuwa saa nne asubuhi, chumba ni kile kile, kimepakwa rangi nzuri ya kijani hafifu, na shangazi wawili, mjomba mmoja, binti yake Mwende na mchungaji, sasa mzee, wamekaa wamebanana kwenye makochi. Vyombo vya mama vilikuwa vimepangwa sakafuni. Mwende akasema, "Huyu ni Nekesa, mnamjua. Ana jambo." Akakaa. Nikaeleza. Sikuweza kutumia maneno ya chuoni, kwa hiyo nilisema tu kwamba kulikuwa na maji mabaya, kwamba nilijua ni mabaya, kwamba Mwende aliniuliza nami nikamdanganya, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu ya wivu. Neno hilo lilikuwa fupi sana mdomoni. Nilipomaliza, yule shangazi mkubwa akaniuliza, kama anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri, "Kwa hivyo mtoto wetu hakukosea?"

"Hakukosea," nikasema. "Hata kidogo."

Shangazi akamgeukia Mwende. Akamwambia kitu kwa Kikamba, maneno machache, na Mwende, ambaye sikuwahi kumwona akilia, si siku ya wageni, si mazishini, akainamisha uso. Shangazi akamvuta kwake. Binti akapiga magoti mbele ya mama yake akamshika miguu, yule shangazi mwingine akamwekea mkono mgongoni, na mjomba akawa anarudia kwa sauti ya chini, "Tumesikia, Mwende, tumesikia." Hakuna aliyenikaripia. Hakuna aliyeniangalia tena. Nilikuwa nimesimama kati ya sufuria za mama yake, nimevuliwa kila kitu nilichowahi kujificha nacho, na watu wote mle ndani walikuwa wamemzunguka yeye kwa mikono yao. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.